Ziada ya chakula peke yake inaleta mji? Uruk, Nile, Indus, naomba tujadili

Mpunga_Ifakara

Wakuu habari za jioni. Kuna swali linanisumbua toka nianze kumsaidia mdogo wangu wa kidato cha kwanza masomo ya historia. Kwenye daftari wameandikiwa kwamba miji ya kwanza ilianzia mabonde ya mito mikubwa, Tigris na Euphrates kule Iraq, Nile Misri, Indus Pakistan na Huang He China, na sababu ni rutuba, watu wakapata ziada ya chakula, ziada ikalisha mafundi na makuhani na wafalme, basi mji ukazaliwa. Mistari mitatu imeisha.

Mimi hapo siridhiki. Huku Kilombero mto tunao, mafuriko yapo, udongo upo, mpunga unatoka, na babu zetu walikua na chakula ila hakuna aliyejenga kitu kama Uruk, ule mji wa kale wa kusini mwa Iraq. Alafu ukiangalia kusini mwa Iraq kwenyewe, mvua haifiki hata milimita 200 kwa mwaka, mawe ya kujengea hakuna, mbao za maana hakuna, madini hakuna, ni tope na matete na mitende. Sasa kwanini mji mkubwa wa mwanzo kabisa uote pale? Na kingine, mkulima akishavuna ziada yake kwanini aichukue akampe mtu mwingine, asiile mwenyewe, asipikie pombe, au mwaka unaofuata asilime kidogo tu apumzike? Hapo ndo naomba kueleweshwa. Rutuba naijua, nailima.

mwl_Kagoma

Mkuu hilo swali lako la pili ndo lenyewe, na ukweli vitabu vingi vya shule vinaliruka.

Nianze na maji. Nile na Euphrates zote ni mito lakini tabia zake ni tofauti kabisa. Nile ilikua inafurika kuanzia kati ya mwaka, inafika kilele kama mwezi wa tisa, alafu maji yanashuka yanaacha tope, mkulima wa Misri anaingia kupanda kwenye udongo uliolowa tayari. (Maji ya Ziwa Victoria nayo yanafika Misri mwaka mzima, ila mafuriko na lile tope vinatoka milima ya Ethiopia kupitia Blue Nile na Atbara.) Sasa njoo Iraq. Pale mito inajaa mwezi wa nne na wa tano, theluji ya milima ya Uturuki ikiyeyuka, na huo ndo wakati shayiri inakaribia kuvunwa, yaani maji yanakuja kuharibu mazao. Na mwezi wa kumi na wa kumi na moja unapotaka kupanda, mto umepungua. Kwa hiyo lazima uzuie maji yakiwa mengi na uyavute yakiwa machache. Bahati yao nchi ni tambarare na mito imejijengea kingo kwa tope lake mpaka ikawa inapita juu kidogo kuliko mashamba, unatoboa ukingo tu maji yanateremka yenyewe. Toboa vibaya na shamba la jirani limezama. Hapo kupatana ni lazima, na anayewapatanisha anapata nguvu.

Sasa ziada ilivyokua inaondoka kwa mkulima. Tafuta picha ya chombo kinaitwa Warka Vase, cha alabasta, kimo chake mita moja na kidogo, kilichimbwa Uruk miaka ya 1930. Kiangalie kuanzia chini. Chini kabisa wamechonga maji. Juu ya maji mimea. Juu ya mimea kondoo kwenye foleni. Juu ya kondoo wanaume uchi, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja kabeba kikapu au mtungi umejaa. Na juu kabisa vyote vinafikishwa mbele ya mwanamke anayewakilisha Inanna, mungu wao, nyuma yake ghala limejaa. Hicho chombo kina miaka kama 5,000 na kinakuonyesha njia nzima ya chakula toka mtoni mpaka hekaluni. Kiliibiwa jumba la makumbusho la Baghdad wakati wa vita 2003, kikarudishwa mwezi wa sita mwaka huohuo kikiwa vipande. Kila nikikumbuka naumia.

Alafu kuna vibao. Wajerumani walichimba Uruk kuanzia 1912, na kwenye eneo la hekalu la Eanna wakaokota vipande karibu 5,000 vya udongo vyenye maandishi ya mwanzo, ya kuanzia kama 3300 KK. Vingi vilikua vimeshatupwa, wametumia kama kifusi cha kusawazishia chini ya sakafu. Na humo kuna nini? Asilimia kama 85 ni hesabu. Shayiri kiasi gani imeingia, kondoo wangapi, nani kapewa nini. Zinazobaki ni orodha za maneno za kufundishia waandishi, vyeo, wanyama, vyombo. Shairi hakuna, sala hakuna. Kipo kibao maarufu cha vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37 na mwisho limeandikwa jina Kushim, wataalamu bado wanabishana kama ni mtu au ni cheo. Alama ya posho kwenye maandishi hayo ni kichwa cha mtu na bakuli. Na hayo mabakuli yenyewe yamechimbwa kwa maelfu, mabaya, ya udongo uliochanganywa na majani, yamekandamizwa kwenye kalibu harakaharaka. Wengi wanaamini ndo yalikua ya kupimia posho ya vibarua, wengine wanasema ni ya kuokea mkate. Vyovyote vile kuna mtu alikua analisha watu wengi kwa kipimo.

Kwa hiyo jibu langu: maji yalilazimisha usimamizi, usimamizi ukaleta hekalu lenye ghala, ghala likaleta hesabu, na hapo ziada ikawa sio ya mkulima tena.

mtaro_wa_Kerio

Mwalimu heshima yako, chombo na vibao umevieleza vizuri sana, lakini hiyo hatua ya kwanza ya kusema maji yalilazimisha mtawala mimi naikataa kabisa.

Hiyo hoja ni ya zamani, Karl Wittfogel aliitangaza sana 1957, kwamba mifereji mikubwa inahitaji mtu mmoja wa kuamuru. Mimi natoka upande wa Marakwet huku Kenya. Mitaro yetu inachukua maji mito ya juu inateremsha kwenye ukuta wa bonde mpaka chini Kerio, mahali pengine maji yamepitishwa kwenye jabali kwa magogo na mawe, na hiyo kazi yote iko mikononi mwa koo. Kila ukoo na mtaro wake na zamu yake ya maji, mtaro ukibomoka wanaume wa ukoo wanatoka. Mfalme hatujawahi kuwa naye. Wachagga na mifongo (mifereji) yao Kilimanjaro ni hivyohivyo, machifu walikuja kuwepo sawa lakini mfongo ulikua wa ukoo. Na Engaruka hapo Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, watu walijenga mifereji na matuta ya mawe kati ya karne ya 15 na ya 18, eneo linapata kilomita za mraba 20, na hamna ikulu, hamna ghala la hekalu, hamna kibao.

Hata kulekule Iraq watafiti waliopima mifereji ya kale wameona ile ya mwanzo ilikua midogo, ya kijiji na kijiji mwenzake, ile mikubwa imekuja baada ya wafalme kuwepo. Yaani mfalme katangulia mfereji mkubwa. Na kaskazini, Syria, kuna Tell Brak, kule mvua inatosha kulima bila mfereji, na kabla Uruk haijafika ukubwa wake ule Tell Brak ilikua imeshafika kama hekta 130. Hao maji gani yaliwalazimisha?

Mpunga_Ifakara

Duh. Kwa hiyo mtaro wa Kerio unasema umwagiliaji unawezekana bila mkubwa. Hata kwenye skimu yetu banio likijaa mchanga tunaitana wenyewe kwa wenyewe, tunagawana zamu, aliyezidisha anapigwa faini na kamati, hakuna mtu ametoka wilayani. Nakubali. Ila swali linarudi palepale, kama sio maji ni nini kilimfanya mkulima wa Uruk abebe kikapu akapange foleni?

binti_Mafia

Naomba niingie. Naona wote mnaangalia mto kama maji ya kulimia tu, mimi nimekulia baharini naona njia.

Nafaka ni nzito. Punda akibeba magunia safari ndefu atakula sehemu ya mzigo, na anayemswaga naye atakula. Kwenye mtumbwi watu wawili wanasukuma mzigo ambao ungehitaji msururu wa punda, na ukiteremka na mkondo hata nguvu hutumii. Kusini mwa Iraq zama hizo bahari ilikua imeingia ndani zaidi ya ilivyo sasa, kulikua na mabwawa na vijito kila upande, mji kama Ur ulikua karibu na maji ya Ghuba. Kijiji cha matete kinaleta samaki na ndege na mikeka, cha mitende kinaleta tende, cha juu kinaleta shayiri na sufu, wote wanakutana kwa boti. Zile nyumba za matete za Waarabu wa mabwawani kule Iraq, zenye upinde mrefu, zimechongwa vilevile kwenye birika la jiwe la Uruk lenye miaka 5,000, lipo makumbusho ya London. Huo ukosefu wa mawe na mbao na shaba ambao Mpunga_Ifakara anauona wa ajabu, mimi nauona ndo sababu yenyewe, maana lazima utume watu mbali wakalete, na ukituma watu mbali unahitaji kitu cha kubadilishana, wakasuka nguo za sufu kwa wingi. Kusuka kwa wingi kunataka wanawake wengi wamekaa mahali pamoja na wamelishwa. Haya mabakuli ya mwalimu yanaanza kueleweka.

Na la pili nalichukulia zito kuliko yote. Mtu wa nchi ya mvua akionewa anahama. Misitu ipo, ardhi ipo, anabeba shoka na mbegu na wanawe anaenda kufungua shamba jipya, na mkubwa anabaki na amri zake peke yake. Bara letu kubwa limejaa hadithi za koo zilizohama kwa ugomvi wa aina hiyo. Sasa mkulima wa Misri ahamie wapi? Mashariki jangwa, magharibi jangwa, kijani ni ule utepe wa kando ya mto tu. Robert Carneiro, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika hii 1970 akilinganisha pwani ya Peru na Amazon, mabonde ya pwani yamebanwa na jangwa na bahari yakaleta dola, Amazon kijiji kikishindwa vita kinasogea mbele. Mkulima wa Uruk shamba lake lenye mfereji, mitende yake ya miaka mingi, ndo kila kitu chake. Ukimwambia toa kikapu atatoa, sababu kuondoka kunamgharimu zaidi.

mwl_Kagoma

Binti umesema kitu. Na mihuri ya Uruk inakuunga mkono upande ule mbaya, maana ipo inayoonyesha watu wamefungwa kamba mikono nyuma na mtu kasimama mbele yao ameshika mkuki. Kikapu hakikutolewa kwa ibada tu.

Mtaro wa Kerio, kuhusu mifereji midogo kuanza kwanza nakupa, ila usiyatoe maji kabisa kwenye hadithi. Baadaye kidogo miji ya Lagash na Umma, hukohuko kusini mwa Iraq, iligombana vizazi na vizazi kwa ajili ya shamba moja la mpakani linaitwa Gu'edena na maji yake. Kuna jiwe la ushindi la mfalme Eannatum wa Lagash, la kama 2450 KK, lipo Louvre Paris, askari wamepangwa ngao kwa ngao wanakanyaga maiti na tai wanaruka na vichwa vya watu. Umma walikua juu ya mkondo, wakifunga maji Lagash inakauka, mpaka mfalme mwingine wa Lagash, Enmetena, akaamua kuvuta mfereji toka Tigris ili asiwategemee tena. Huwezi kunambia maji hayakuwajenga wale wafalme.

Sindhi_road

Wadau mmetumia nguvu nyingi kwa wafalme, Indus mmeitaja kwenye swali alafu mkaiacha kabisa.

Mohenjo-daro na Harappa zilistawi kati ya 2600 na 1900 KK, zikaanza kuchimbwa miaka ya 1920. Nyumba za matofali ya kuchoma, na matofali yana uwiano mmoja karibu kila mji, unene moja, upana mbili, urefu nne. Visima vya Mohenjo-daro vinakadiriwa kuzidi 700. Nyumba zina sehemu ya kuogea, sakafu imelazwa kwa mteremko, maji machafu yanatoka ukutani yanaingia kwenye mtaro wa barabarani uliofunikwa kwa matofali. Lile bwawa kubwa la kuogea lina mita kama 12 kwa 7 na wamelipaka lami lisivuje. Mawe ya mizani ni yaleyale toka mji mmoja mpaka mwingine, kilomita mamia. Ushanga wao mwekundu wa akiki umekutwa kwenye makaburi ya kifalme ya Ur.

Sasa nionyesheni mfalme. Ikulu isiyo na ubishi hamna, kaburi la kifalme hamna, sanamu kubwa ya mtu anayekanyaga maadui hamna. Maandishi yapo ila hayajasomeka. Hao watu waliobanwa na jangwa mbona hawakuota Eannatum? Na kwa Afrika nendeni Mali, Jenne-jeno, kwenye delta ya ndani ya mto Niger. Susan na Roderick McIntosh walianza kuchimba 1977 wakakuta watu wameishi pale tangu kama 250 KK, na kufikia mwaka 800 baada ya Kristo mji una hekta 33 na ukuta, na jirani yake makumi ya vilima vidogo vya makazi, wahunzi kivyao, wavuvi kivyao, wakulima kivyao. Hakuna ikulu. Wanategemeana, wanabadilishana, hakuna aliyewameza wenzake. Mji upo, mto upo, mkubwa hayupo. Mimi hiyo ndo historia ningetaka watoto wafundishwe sambamba na Mesopotamia (Iraq ya kale), kwa sababu wanakua wakiamini mji lazima uwe na mtu mmoja juu.

Mpunga_Ifakara

Aisee uzi umekua mzuri kuliko nilivyotegemea, nasoma nikirudia. Sindhi_road, hiyo ya Jenne-jeno sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja. Swali moja la mwisho kwa mwalimu, yule mbeba kikapu alifaidika nini kwa kukaa Uruk? Maana kijiji kilikua kinampa vyote.

mwl_Kagoma

Alipata posho hata mwaka mbaya, maana ghala la hekalu lilikua na shayiri wakati lake tupu. Alipata soko la kila kitu. Na alipata ukuta, wa kilomita kama 9, hii ni karibu 2900 KK, wakati huo mji umefika hekta zaidi ya 500 na watu wanakadiriwa 40,000 au zaidi. Alilipa kwa magonjwa ya kukaa kwa msongamano, kazi ya lazima, na baadaye ardhi yenyewe, sababu ukimwagilia miaka mingi bila kutoa maji chini chumvi inapanda juu, na kusini ngano ikazidi kushindwa wakabaki na shayiri inayovumilia.

Ila kuna kitu kinanipa mawazo. Robert Adams wa Chuo Kikuu cha Chicago alizunguka nchi yote ile akiokota vigae na kusoma picha za ndege ili ajue wapi palikua na kijiji na lini. Kuzunguka Uruk, mji ulivyozidi kukua kufikia ule wakati wa ukuta, vijiji vidogo vilipungua sana. Wako wanaosema watu walikimbilia ndani kwa kuogopa vita, wako wanaosema walisombwa. Mimi naona vyote viwili, na kwa vyovyote ile njia ya binti ya kubeba shoka na kuhama ilikua imezibwa.

Jebel_Dongola

Nimechelewa ila sitaki uzi ufungwe bila Kerma. Sudan, Nile, karibu na maporomoko ya tatu, kama 2500 mpaka 1500 KK, mpaka Thutmose wa Kwanza wa Misri alipoishinda. Charles Bonnet wa Uswisi amechimba pale miongo kadhaa. Katikati ya mji lipo jengo la matofali ya udongo, Deffufa, bado limesimama kama mita 18, ukipanda juu unaona bonde lote. Wanalima shayiri ndio, lakini utajiri wao ulikua ng'ombe, na ng'ombe hahitaji boti ya binti wala bakuli la mwalimu, ziada inatembea kwa miguu yake kuja mjini. Makaburini wamepanga mafuvu ya ng'ombe yenye pembe mbele ya kaburi la mkubwa, safu baada ya safu, na kaburi moja lina zaidi ya 4,000. Mpunga_Ifakara, unauliza nani alitoa na kwanini, anzia hapo, maana ng'ombe 4,000 hawatoki kwenye zizi la mtu mmoja.